Ipe Bustani ya Nyumba Yako Sura Mpya

Mama mpendwa, umewahi kusimama mbele ya nyumba yako ukautazama uwanja wako kama mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza? Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunatoka alfajiri kukimbilia kazini au sokoni, tunarudi jua limezama. Uwanja tunaufagia asubuhi, tunaunyunyizia maji ili vumbi litulie, na tunaona tumemaliza. Lakini uwanja ule ni sehemu ya nyumba kama kilivyo chumba cha kulala au jiko. Unaweza kulisha watoto, unaweza kupumzisha mgonjwa, na pia unaweza kuleta ugonjwa ndani. Ni juu yetu kuchagua.

Mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesimama mbele ya akina mama kliniki nikiwaambia, “Kuleni mboga za majani kila siku.” Neno hilo lilinirudia nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Morogoro, siku wifi yangu alipokuja kukaa nasi akiwa na mimba ya miezi sita. Nilimsindikiza kliniki. Walipopima damu, ikaonekana ni 8.4. Mama mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi. Tulirudi kimya. Jioni, tukichambua mchele, akaniuliza kwa upole kabisa, “Wifi, wewe ndiye unayefundisha watu habari za mboga. Mbona hapa kwako hata mchicha tunasubiri ubaki chenji ndipo tununue?”

Sikuwa na jibu. Nilitazama nje. Uwanja wetu ulikuwa udongo mtupu uliofagiwa hadi ukawa mgumu kama saruji. Pembeni kulikuwa na matofali yaliyobaki wakati wa ujenzi, pipa lenye kutu, tairi mbili kuukuu, na ua wa minyaa uliokuwa umekua hadi kuziba njia. Nilikuwa na ardhi, nilikuwa na mikono, na bado mtu wa nyumbani kwangu alikuwa amepungukiwa damu.

Yafuatayo ni mambo tuliyoyafanya, hatua kwa hatua. Mengi hayahitaji fedha. Yanahitaji Jumamosi chache na watoto wenye nguvu.

Angalia kwanza, jembe baadaye

Usianze kulima siku ile ile unayopata hamu. Chukua kiti, kaa nje, na daftari mkononi. Chora nyumba yako na uwanja wake. Kisha jiulize: Jua linapiga wapi asubuhi, na wapi jioni? Mboga nyingi zinahitaji jua la saa sita au zaidi kwa siku. Maji ya mvua yanapita wapi? Maji ya kuogea yanaishia wapi? Kuku wanapita wapi? Watoto wanacheza wapi?

Weka alama pia mahali choo kilipo na shimo la maji machafu. Mboga zisipandwe karibu na hapo wala kwenye mkondo wa maji yanayotoka huko, hata kama udongo wake unaonekana mweusi na wenye rutuba. Nimewatibu watoto wengi wa kuharisha, nami nasema hivyo kwa uzito.

Jambo jingine: zungumza na mwenye nyumba yako. Mume wangu aliponiona na daftari aliuliza, “Kwani mama, shamba si liko Mvomero?” Yeye alitaka uwanja ule aje ajenge chumba cha kupangisha. Hatukugombana. Nilimwomba upande mmoja tu, ule ulio karibu na jiko, kwa miezi sita. Akakubali, na baadaye ndiye aliyebeba mawe ya njia.

Toa kabla ya kuongeza

Bustani nyingi hazikosi maua, zinakosa nafasi. Kabla ya kupanda chochote, toa kisichotakiwa. Okota makopo, vifuu vya nazi, chupa na vipande vya plastiki. Kila kimoja kikishika maji ya mvua kinakuwa nyumba ya mbu. Yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda hasa maji yaliyotuama kwenye vyombo vidogo karibu na watu, naye huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019. Basi, tairi ichomwe matundu chini au ijazwe udongo na kupandwa. Pipa lifunikwe kwa mfuniko unaobana au kitambaa. Vyombo vya kuku na mbwa vimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki.

Sasa tuje kwenye ua wa minyaa. Mmea huu unaota upesi na mbuzi hawausumbui, ndiyo maana umezunguka nyumba nyingi. Lakini utomvu wake mweupe ni mkali. Ukiingia jichoni unaunguza, na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Punguza minyaa watoto wakiwa mbali, vaa mikono mirefu, na funika macho kwa miwani. Ikitokea ajali, usitafute dawa ya kienyeji, wala usimwekee mtoto maziwa ya mama. Osha jicho hapo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha umpeleke hospitali. Angalia pia kama una mbono kaburi au mnanaha karibu na mahali watoto wanapocheza. Mbegu zake ni sumu, na mtoto mdogo hajui tofauti ya mbegu na karanga.

Sisi tulipunguza minyaa hadi kimo cha kifua na kuiondoa kabisa upande wa watoto. Kazi hiyo pekee ilibadilisha nyumba. Upepo ukapita. Jirani akasema, “Kumbe mna dirisha upande huu!”

Lisha udongo, nao utakulisha

Udongo uliofagiwa miaka mingi umechoka. Ule ufagio unaondoa majani, na majani ndiyo chakula cha udongo. Tulichimbua kwa jembe hadi kina cha mkono kutoka kiganjani hadi kiwiko, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza.

Hapa nikiri kosa langu. Kwa haraka niliyokuwa nayo, tuta la kwanza nililitia mbolea ya kuku mbichi, ikitoka moja kwa moja bandani. Mchicha uliota vizuri, na baada ya siku chache ukakauka wote kama uliomwagiwa maji ya moto. Mbolea ya kuku ni kali. Ni lazima ikae na kuoza kwanza, angalau miezi miwili au mitatu, ndipo itumike. Isitoshe, samadi mbichi ina vijidudu vya maradhi, na haifai karibu na mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Mboji ni rahisi kutengeneza. Chagua kona yenye kivuli. Weka vijiti chini ili hewa ipite. Kisha weka tabaka la majani makavu, tabaka la mabaki mabichi ya jikoni kama maganda ya ndizi na matawi ya mboga, tabaka jembamba la samadi na udongo kidogo. Rudia hadi lundo lifike kiunoni. Nyunyiza maji liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, ulifunike kwa majani ya mgomba, na uligeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, lenye harufu ya udongo baada ya mvua. Usitie nyama, mafuta wala chakula kilichopikwa, maana panya watakuja kula.

Ukishika udongo na samadi, vaa viatu, na kama una kidonda mkononi kifunge au vaa glavu. Vijidudu vya pepopunda hukaa humo. Kwa mama mjamzito hili ni muhimu zaidi. Ahakikishe amepata chanjo yake ya pepopunda, na anawe mikono kwa sabuni kila atokapo bustanini.

Mboga karibu na jiko

Panda mboga mahali utakapoziona ukiwa unapika. Bustani iliyo mbali husahauliwa. Fanya matuta yenye upana wa mita moja, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Urefu ni vile nafasi itakavyoruhusu. Tumia matofali yaliyobaki kuzungushia kingo, na papo hapo uwanja utaonekana una mpangilio.

Usianze na mboga kumi. Anza na tatu:

Mchicha. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane, mwaga kwenye mistari, funika kidogo tu. Baada ya wiki tatu hadi nne unaanza kuvuna kwa kupunguzia ile iliyobanana.

Matembele. Haya ni rafiki wa mama mwenye kazi nyingi. Kata vipande vya urefu wa kiganja na nusu, vichomeke nusu yake ardhini, mwagilia. Yakishika hayahitaji kubembelezwa, nayo huvunwa muda mrefu. Mimi nilipewa mbegu yangu na mama mmoja tunayeimba naye kwaya, bila hata senti moja.

Sukuma wiki. Otesha kwanza kwenye kitalu kidogo, uhamishe miche ikiwa na majani manne au matano, wakati wa jioni ili isichomwe na jua. Vuna majani ya chini, acha yale ya juu yaendelee, na mche mmoja utakulisha kwa miezi.

Baadaye ongeza mnafu, mgagani, majani ya maboga, na pembeni papai moja au mawili.

Kama umepanga chumba na huna uwanja, tumia gunia. Mtaa wa Kibera, jijini Nairobi, familia nyingi zilianza bustani za magunia mwaka 2008, wakati chakula kilipokuwa cha taabu baada ya machafuko ya uchaguzi. Chukua gunia imara. Changanya udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Simamisha katikati ya gunia kopo refu lisilo na mfuniko wala kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute kopo juu na urudie hivyo hadi ujaze gunia. Nguzo ile ya kokoto ndiyo itakayopitisha maji hadi chini. Toboa matundu ubavuni, yasipangane mstari mmoja, upande miche humo na mingine juu. Weka gunia mahali ambapo utaweza kuliacha, kwani likishajaa haliinuliki.

Maji yasipotee

Hapa kwetu mvua za vuli huja kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika kuanzia Machi hadi Mei. Katikati ya hapo kuna kiangazi, na bustani nyingi hufa wakati huo. Dawa yake ni matandazo. Funika udongo kati ya miche kwa majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa vidole vitatu hivi, bila kugusa shina. Unyevu utabaki, magugu yatapungua, na matandazo yenyewe yataoza kuwa mbolea.

Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, kwenye udongo na si juu ya majani. Maji uliyooshea mchele na mboga yasimwagwe chooni, yapeleke bustanini. Maji ya kusuuzia nguo yenye sabuni kidogo yanafaa kwa maua na miti. Yale ya sabuni nyingi au dawa ya kung'arisha nguo yaache.

Kazi ya kumwagilia tulimwachia wifi yangu, kwa kopo dogo lililotobolewa kitako, si kwa ndoo nzito. Aliifanya asubuhi na jioni. Nilimwona akianza kuimba.

Uzuri nao ni chakula

Usiseme, “Maua ni ya matajiri.” Panga mawe kwenye kingo za njia, uyapake chokaa. Njia iliyonyooka kutoka barabarani hadi mlangoni huifanya hata nyumba ya udongo ionekane imetunzwa. Karibu na mlango panda mrehani na mchaichai. Mrehani unanukia kila nguo inapougusa, na mchaichai utaingia kwenye chai ya jioni. Asumini ukiupandisha kwenye kamba penye dirisha, chumba kizima kitajua usiku umeingia. Makopo ya rangi yaliyokwisha yatoboe chini, yapake rangi moja yote, uyapange ngazini. Yakiwa na rangi moja yatapendeza hata kama ukubwa unatofautiana.

Na weka mahali pa kukaa. Sisi tuliweka ubao juu ya matofali, chini ya mwembe. Gharama yake ilikuwa sifuri. Benchi lile limefanya kazi kubwa kuliko sebule yangu yenye makochi. Hapo watoto husomea, baba husikilizia redio, na mama mkwe wangu, ambaye miguu inamsumbua, huchambulia mboga badala ya kushinda kitandani.

Wadudu na kuku

Kuku wawili wanaweza kumaliza kazi ya mwezi kwa dakika kumi. Zungushia matuta fito au wavu wa zamani. Kwa vidukari, jani moja moja livuliwe na kusuguliwa kwa maji. Majivu makavu yakinyunyizwa kidogo asubuhi husaidia pia. Unaweza kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka usiku kucha, kuchuja na kunyunyiza jioni. Tafadhali usitumie dawa kali za shambani kwenye mboga utakayochuma kesho, na usihifadhi dawa yoyote katika chupa ya soda. Nimeona watoto wakiletwa hospitali kwa sababu hiyo, na si wote waliorudi nyumbani.

Kutoka bustanini hadi sahanini

Mboga nzuri inaweza kuharibiwa jikoni. Ioshe kwa maji safi kabla ya kuikata, si baada. Usiipike hadi ipoteze rangi, wala usimwage maji yake. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A iliyomo kwenye majani inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Kamulia limau mezani, au mpe mtoto kipande cha papai au chungwa baada ya chakula, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga. Na chai isubiri. Ukinywa chai pamoja na chakula, unazuia sehemu kubwa ya madini hayo. Ngoja hata saa moja ipite.

Lakini nisikudanganye, mama mwenzangu. Mboga peke yake haitibu upungufu wa damu wa mjamzito. Wifi yangu alimeza vidonge vyake vya kuongeza damu kila siku, alipata dawa ya minyoo na ya kuzuia malaria kliniki, alilala ndani ya chandarua, na tulipopata dagaa au maini yeye alitengewa kwanza. Bustani ilikuja kuungana na hayo. Tofauti yake ni kwamba haikungoja chenji. Kila siku palikuwa na kitu cha kuchuma.

Alipofikisha miezi minane damu yake ilikuwa 10.2. Alipojifungua ilikuwa imefika 11. Alipata mtoto wa kike, na wote wawili walitoka hospitali salama.

Anza na hatua moja

Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alianza kazi yake mwaka 1977 kwa kupanda miche saba tu. Wewe huhitaji hata saba. Jumamosi hii okota makopo na umwage maji yaliyotuama. Jumamosi ijayo chimba tuta moja. Ya tatu, omba matembele kwa jirani. Washirikishe watoto, kila mmoja awe na mche wake wenye jina lake. Mtoto aliyepanda mchicha hakatai kuula.

Miezi sita niliyoomba ilikwisha. Sikusema kitu, nikangoja. Siku moja mume wangu alitoka na futi yake ya kupimia, akazunguka uwanja, akasimama kwenye matuta kwa muda. Kisha akaenda upande wa pili, kule kulikokuwa na minyaa, akaanza kupima huko. “Chumba kitakaa hapa,” alisema. “Hapo pako pasiguswe.”

Naye wifi yangu, siku ya kurudi kwake, alikuwa na mtoto mgongoni na fungu la matembele mkononi, limefungwa kwenye kipande cha khanga chenye majimaji. Ameniambia yameshika.